Chungu Kimevaa Lebo

Gitothua, Ruiru
6 Februari 1956

Kwako wewe Mama Makopo,

Salamu nyingi kushinda maua ya kahawa. Habari ya Thika? Habari ya kaka yako Nicanor, kile kifua kimeacha kumsumbua? Mimi ni mzima, nyanya yangu Cucu ni mzima ila magoti, na kama wewe pia ni mzima basi asante Mungu, wacha nianze maneno kwa sababu yamenijaa mpaka hapa kooni.

Kwanza hii: hata kama siku zile tulipokaa laini moja kwa shamba la kahawa ungejifunza Kikuyu badala ya kunicheka tu, bado ningekuandikia Kiswahili. Barua ya Kikuyu inapelekwa ofisini na inazeekea huko. Ya Kiswahili inasomwa hapa hapa getini, na anayesoma ni Kagwe, yule homgadi kijana, mlinzi wa serikali mwenye masikio. Kwa hivyo Kagwe, hujambo, najua uko hapa na sisi. Ukimaliza funga vizuri, na usiache kidole cha mafuta kama ile ingine.

Nafuna, ungeona hii kijiji ungelia halafu ungecheka. Zamani kila mtu alikuwa na boma lake na miti yake. Sasa serikali imetuhamishia hapa, tumepangwa nyumba kwa nyumba, ukipiga chafya jirani anakujibu afya. Kutuzunguka sote kuna handaki limejaa miti iliyochongwa, na geti ni moja. Asubuhi tunatolewa kuchimba matuta, mchana tunapewa saa kidogo ya maji na kuni, homgadi nyuma yetu na bunduki, halafu ndani. Halafu firimbi, tunahesabiwa. Halafu kesho. Mimi niliyekuwa nakimbia kutoka Ruiru stesheni mpaka kwa Mhindi wa mkate bila kupumua! Miguu inaniwasha usiku, dada, kweli tena.

Sasa nikuambie habari ya vyungu. Cucu amenifundisha yote, kuponda udongo, kuchanganya na mchanga, kuinua ukuta wa chungu ukizunguka wewe mwenyewe. Nimefinyanga vingi, vimejaa chini ya kitanda. Lakini vyote ni vibichi. Ukitia maji, vinarudi kuwa matope mbele ya macho yako. Havijachomwa kwa sababu ndani ya kijiji moto mkubwa hauruhusiwi, nyumba ni za nyasi. Nje unaruhusiwa, lakini nje hatutoki bila homgadi, na homgadi ni mwanaume. Na wewe unajua, au hujui, wacha nikuambie: kwetu mwanaume hakaribii vyungu vikichomwa. Akiviona kwa moto vinapasuka. Cucu hafanyi mzaha na hiyo. Tangu tuletwe hapa hakuna mama amechoma hata kimoja. Wanapika na sufuria za kuazimana.

Basi nikakaa na vyungu vyangu vibichi, mikono haina kazi, ndio nikafungua ile bahasha yako ya lebo mbovu za mananasi kutoka kiwandani. Manjano ile! Nilikuwa nimesahau kuna manjano duniani. Nikachanganya unga na maji, nikapasua lebo vipande, nikabandika kwa gunia la sukari. Mkasi sina, walichukua mikasi yote getini, kwa hivyo napasua na vidole. Nikatengeneza barabara ya Thika. Cucu akaangalia akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni barabara. Akasema mbona inaishia kwa ukingo wa gunia, si ingeendelea.

Nimewaza hilo neno mpaka leo. Nitumie karatasi ingine, yoyote, hata chafu.

Dada yako,
Ngendo


Kamenu, Thika
27 Februari 1956

Kwako Ngendo wa Mikono Michafu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na Nicanor anakusalimu, na jirani wote wa hapa Kamenu ambao hawakujui wanakusalimu kwa sababu nimewasomea barua yako. Kifua cha Nicanor ni kizuri sasa, ni mdomo ndio haujapona. Anataka niolewe na mtu wa kanisa letu mwenye baiskeli. Nimemwambia aolewe yeye.

Kagwe, salamu kwako pia. Ngendo anasema una masikio. Je, yanasikia?

Dada, nakutumia kila kitu nimepata: lebo zilizochapwa mara mbili mpaka nanasi lina macho manne, karatasi ya bluu ya sukari, karatasi ya sabuni, kalenda ya mwaka jana ya Mhindi wetu. Nyapara alinikuta nikiokota chini ya meza akaniuliza kama nataka kufungua duka la takataka. Nikamwambia ndiyo bwana, na wewe utakuwa karani. Wasichana wakacheka, mimi nikahamishiwa upande wa mvuke kwa wiki nzima. Mikono imeiva kama ya kuchemshwa.

Wewe unasema umefungwa. Sikatai, mimi sina handaki. Lakini sikia siku yangu. Kopo linakuja, nalipaka gundi, nalizungusha juu ya lebo, linaenda, lingine linakuja. Nikilala naona makopo. Jumapili nikitembea mpaka darajani naona kama mto ndio unaleta makopo. Lakini juzi, nikiwa nafikiria hiyo barabara yako na lile swali la Cucu, mkono ukasimama wenyewe. Ngendo! Lebo kwenye kopo haina mwisho! Kichwa chake kinapanda juu ya mkia wake na unaendelea kuzunguka. Kila siku navisha kopo karatasi na sijawahi kuona ninachofanya. Wewe unabandika barabara kwa gunia lenye kona nne, na chini ya kitanda una vitu vya mviringo vimekaa uchi.

Visha chungu, wewe mjinga wangu.

Makopo mengine yakasukumana yakaanguka kwa sababu yangu. Sasa niko mvukeni wiki ya pili.

Wako wa kutoka laini moja,
dada Nafuna


Gitothua, Ruiru
19 Machi 1956

Mama Makopo, Mama wa Akili, Mama wa Kila Kitu,

Habari ya mikono? Paka mafuta ya ng'ombe, usipake ya taa kama ulivyofanya ile mara ya jiko. Sisi ni wazima. Cucu alikuwa na homa akapona, anakuita msichana wa makopo na anasema ungekuwa Mkikuyu ungekuwa mfinyanzi.

Nimevisha chungu!

Wacha nieleze polepole, hata kama polepole siwezi. Siku ya kwanza nilibandika kwa chungu kikavu, ikakataa. Karatasi kubwa kwa tumbo la chungu inafanya mikunjo kama shuka kwa mtoto. Nikapasua ndogo, ndogo zaidi, ikakubali. Hapo udongo ulikuwa unafundisha karatasi, unaona? Tumbo ndilo linaamua kipande kiwe kikubwa namna gani, si mimi. Nikarudi kwa gunia nikabandika hivyo hivyo, vipande vidogo kama natembea juu ya kitu cha mviringo, na ile barabara ikaanza kuinuka, kama ina kilima ndani. Kwa gunia! Cucu alipapasa kuona kama nimeweka kitu chini.

Halafu siku ingine karatasi ikafundisha udongo. Nilikuwa na chungu bado kina unyevu, kigumu kama jibini lakini bado baridi. Nikakibandika karatasi yako ya bluu bila unga, na maji tu. Ikashika. Halafu mvua ikaingia kwa paa, nikaogopa, nikachukua ule uji wa udongo mwekundu tunaopaka vyungu mwisho, nikapaka juu ya kila kitu, karatasi na yote, haraka haraka ili kufunika. Kesho yake nikabandua karatasi. Chini yake chungu ni cheusi kama kilivyo, pembeni ni chekundu, na kati yao ule ukingo wa kupasua na vidole, wenye manyoya manyoya. Karatasi imeondoka lakini imeacha mahali pake. Nilipiga kelele, jirani wakadhani tumevamiwa.

Nilifinyanga kipande kidogo kama kiganja, nikafanya vivyo hivyo, nikakitia kwa mafiga wakati wa kupika. Cucu aliruhusu, alisema hicho si chungu ni biskuti. Kikaiva. Nimekiweka humu ndani ya barua. Kagwe alikigeuza na kukigeuza, akauliza ni nini. Nikasema ni barabara ya Thika. Akaniambia, "Inaenda, kweli." Basi, ndiyo hayo tu alisema, lakini mtu anayesema hivyo ana macho pia, si masikio peke yake.

Sasa habari kubwa. Shika kiti.

Kuna Memsabu mmoja anazunguka vijiji kuangalia kazi za mikono za akina mama. Amefika kwetu, ameonyeshwa vikapu, vikapu, vikapu. Mimi nikaenda kuleta chungu bila kuitwa. Alikaa chini, Nafuna. Chini kwa vumbi, na sketi yake. Akakizungusha akitafuta barabara inaishia wapi. Amesema kuna darasa Thika, la kufinyanga na la kuchora, lina tanuri na pahali pa kulala, na anaweza kuniombea pasi ya kutoka kijijini, ya mwaka mzima. Thika! Kwako! Lakini wale wakubwa wa darasa hawapokei udongo mbichi, wanataka vyungu vitatu vilivyochomwa, atavichukua mwanzo wa Mei. Nikamuuliza, si avibebe hivi hivi vikachomwe huko. Alijaribu kimoja, akakiweka kwa gari lake juu ya blanketi, na kabla ya kufika getini kilikuwa vipande viwili.

Kwa hivyo vichomwe hapa. Na hapa ndiyo pahali ambapo havichomeki.

Nilimwomba Cucu. Nikamwambia dunia imebadilika, homgadi si mwanaume, ni serikali. Akasema serikali ina ndevu. Nikamwambia basi nitachoma peke yangu. Akageuka akaendelea kuponda udongo. Bila yeye siwezi, sijui moto, sijui lini kuongeza nyasi na lini kuacha.

Sasa Thika naiona wazi kuliko wakati nilikuwa sina tumaini, na imekuwa mbaya zaidi. Zamani handaki lilikuwa handaki. Sasa kila nikitoka kuchota maji nalipima kwa macho.

Dada yako asiyelala,
Ngendo


Kamenu, Thika
11 Aprili 1956

Kwako Ngendo Mwenye Barabara,

Salamu sana. Natumaini homa ya Cucu haijarudi. Mimi niko sawa, nimerudishwa kwa gundi, nimekuwa mtu mzuri. Mtu wa baiskeli alikuja chai. Anaitwa Absalom, anakula mkate kwa pande zote kama panya. Nicanor ameshamwambia ndiyo kwa niaba yangu, na mimi nimeshamwambia hapana kwa niaba yangu, sasa tuone nani ana niaba kubwa.

Kile kipande nimekiweka dirishani. Nakishika kila jioni. Na kimenifanya nifanye kitu, usicheke. Nimeanza kubandika ukuta wa chumba changu, kwa lebo na magazeti, lakini nabandua baadhi kabla gundi haijakauka, ndiyo wazo lako la karatasi kuondoka na kuacha mahali pake. Inabaki weupe wa ukuta wenye ukingo wa manyoya, na hizo nafasi ndizo nzuri kuliko karatasi. Nicanor anasema ukuta una upele. Mimi nasema ni mawingu ya kwetu Bungoma. Wewe ulifundishwa na kopo langu na mimi nimefundishwa na chungu chako, sasa sijui nani ni mwalimu.

Kuhusu kuchoma, nilimuuliza Jeconia, yule Mjaluo dereva wa lori la maziwa anayepita kwenu na kwetu. Nyumbani kwao mama yake anafinyanga. Amesema kwao pia kuna miiko, si hiyo hiyo lakini ipo, na usilazimishe mzee.

Kwa hivyo nimefikiria njia moja. Kama shida ni macho ya mwanaume, si mwanaume ageuze macho? Mweke huko na bunduki yake, mgongo kwa moto, uso kwa mto. Sheria ya geti inasema mtoke na homgadi, haisemi homgadi aangalie upande gani. Cucu naye atasema nini, mgongo hauoni.

Kagwe, wewe unayesoma hapa, nasema na wewe sasa. Una mgongo?

Nimeandika kwa utani lakini si utani sana.

Dada yako,
Nafuna


Gitothua, Ruiru
2 Mei 1956

Nafuna Nafuna Nafuna,

Salamu, afya, yote ni sawa, niruke hapo, utanisamehe. Nina masizi mpaka ndani ya masikio. Tumechoma! Leo!

Kagwe aliposoma barua yako hakuniambia kitu kwa siku nyingi. Alikuwa ananipa tu chumvi ya kutosha wakati wa kugawa chakula. Halafu jana getini akamwendea Cucu, si mimi, akavua kofia. Akamwambia kwamba leo zamu ya kuni ni yake, na kwamba yeye anapenda sana kuangalia mto.

Cucu akamuuliza, "Na pua yako? Si itanusa moshi?"

Akajibu, "Pua nilipewa na mama. Hiyo ni ya kike."

Na mama yake alikuwa hapo hapo kwa laini ya maji, akaanza kucheka mpaka mtungi ukamwagika, na Cucu, Nafuna, Cucu wangu ambaye hajacheka tangu tuletwe hapa, akaziba mdomo na mkono. Akasema sawa. Lakini akigeuka hata mara moja, hata kwa nyoka, vimepasuka na ni juu yake.

Tukatoka, mimi, Cucu, mama yake Kagwe, Idah jirani yetu, na akina mama wengine na vyungu vyao vya zamani vilivyokuwa vinangoja. Idah ni yule mwembamba ambaye mtoto wake mdogo alipelekwa hospitali Thika na gari la msalaba mwekundu, na kila akiomba pasi ya kumwona anaambiwa aje wiki ijayo. Alibeba kuni nyingi kuliko sisi wote. Chini karibu na mto kuna mahali pamekauka. Kagwe akasimama juu kidogo, akiangalia mto unakotoka, mgongo kwetu, bunduki begani. Cucu akamkagua kama askari mkuu, akamsogeza miguu kidogo, akarudi.

Sijui nikuelezeje. Tulipanga vyungu midomo chini, kuni katikati na juu, nyasi juu yake, na Cucu akaanza moto kwa upande wa upepo, na kwa muda wote huo hakuna aliyetuamuru. Akina mama walianza kuongea kama zamani, wakitukana waume zao, wakisahau kwamba waume wako kizuizini. Mgongo wa Kagwe ulikuwa unatoa jasho, shati lilibadilika rangi, na hakugeuka. Nyuki alimtembea shingoni. Hakugeuka. Chungu kimoja kikapasuka kwa sauti kama risasi na mabega yake yakaruka mpaka masikioni, na hakugeuka. Kilikuwa cha mama yake, naye akapaza sauti kwamba mwanawe hana kosa, udongo ulikuwa na jiwe.

Vyangu vilitoka, Nafuna. Vitatu. Kimoja nilikuwa nimesahau kubandua karatasi moja, ile ya sabuni, imeungua yenyewe ndani ya moto na mahali pake pamekuwa na kivuli, si cheusi si chekundu, kama moshi ulikaa hapo ukafikiria. Sikupanga hiyo. Sasa nitafanya vyote hivyo! Na nikishaona hicho kivuli nimeshajua karatasi ingine ya kutengeneza, ya kuunguza ukingo na kijinga cha moto kabla ya kubandika, naona mpaka mwisho wake. Nikiwa Thika na tanuri, na wewe na lebo zako, tutafanya kitu ambacho

Firimbi. Wanatuita kuhesabiwa, na hii si saa yake. Nitamaliza nikirudi.


Kamenu, Thika
9 Mei 1956

Ngendo dada yangu,

Hujambo? Cucu hajambo? Nauliza na safari hii naomba unijibu kweli. Barua yako ilinifika bila jina lako chini. Jeconia alipewa na mama yake Kagwe alipokuwa anapakia maziwa hapo kwenu. Hii pia haipiti getini, anaificha ndani ya soksi, kwa hivyo nitasema wazi. Ukishaisoma itie motoni.

Idah yuko hapa.

Alifika usiku ule ule wa moto wenu, miguu imekatika, nguo ina matope mpaka kiunoni. Alijua nyumba yangu kwa sababu wewe umewaambia watu wote kwamba nakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mfereji wa Kamenu na kwamba mlango wangu una nanasi. Alikaa chini ya ukuta wangu wa karatasi akaniambia yote. Kagwe alikuwa ameangalia mto, ninyi mlikuwa mmeangalia moto, na yeye Idah akaona kwamba kwa mara ya kwanza hakuna jicho lolote juu yake. Alisema hakuwa amepanga. Alisema alienda kuokota kuni iliyoanguka, akaokota, halafu akaendelea kushuka na mto, hiyo kuni mkononi, mpaka nyuma ya kona, akavuka ng'ambo.

Asubuhi nilimpeleka hospitali kwa mlango wa wafagiaji. Mtoto yuko hai. Anamtambua. Usiulize zaidi.

Sasa analala kwangu, nyuma ya pazia. Nicanor amejua. Amekasirika sana. Anasema sisi watu wa magharibi tumeachwa tukae hapa kwa sababu hatuna maneno, na wakikuta mtu bila pasi kwetu, yeye atapoteza kazi na mimi nitafungwa. Halafu amesema kama nataka anyamaze, nimwambie Absalom ndiyo. Kaka yangu huyo. Nimesema nitafikiria. Nimesema nitafikiria, Ngendo, unasikia mimi nikisema hivyo?

Na ile habari ya mgongo ni mimi niliiandika. Naisoma kichwani kila saa. Nilidhani nacheza.

Sijabandika kitu. Mikono haitaki. Niambie Kagwe yuko wapi.

Dada yako,
Nafuna


Gitothua, Ruiru
14 Mei 1956

Dada yangu mpendwa Nafuna,

Habari ya hapo, habari ya wote wa nyuma ya pazia, na huyo mtoto. Nashukuru Mungu kwa mtoto. Lakini nitakuambia ukweli kabla ya salamu kuisha: nilipojua Idah ameenda nilimchukia. Nilimchukia siku tatu nzima. Nilisema moyoni, mimi pia nilikuwa na miguu, mimi pia niliona huo mto, na sikuenda, kwa sababu nilikuwa naangalia vyungu. Sasa simchukii, lakini ujue nilimchukia.

Jeconia atakuletea hii leo jioni kwa njia yake, na alfajiri anarudi huku, mpe jibu. Getini kuna mtu mwingine sasa, hanisalimu, na barua zote anazifungia kwa sanduku.

Kagwe amefungwa kwa chumba cha mnara wa walinzi, karibu na ofisi. Walimchukua ile firimbi ya kwanza, tukiwa tumesimama kwa mistari na masizi yetu. Afisa Mzungu alimuuliza mbele yetu ilikuwaje mwanamke atoke machoni pake. Kagwe akasema alikuwa anaangalia mto. Kwa nini mto? Akasema vyungu vilikuwa vinachomwa. Afisa akadhani anamdharau. Mkalimani alieleza mila yetu mara mbili, na kila akieleza ilikuwa mbaya zaidi, mpaka yeyote anayesikia angedhani ni hadithi ya kutengeneza. Cucu akatoka kwa mstari bila kuitwa, na fimbo yake, akasema ni yeye aliyemwamuru ageuke. Walimrudisha kama mtoto. Kijiji chote hakijatoka tangu siku hiyo, hata kwa maji ni debe moja nyumba kwa nyumba, na watu wananiangalia. Mama yake Kagwe ndiye peke yake anayeingia kwetu. Anakaa karibu na Cucu, wanamenya maharagwe, hawaniulizi kitu, na hiyo ndiyo inanimaliza.

Memsabu alikuja tarehe yake kama alivyosema. Alivikuta vyungu vyangu ofisini, vimewekwa mezani kama vitu vya wizi. Nikaitwa. Alikishika kile chenye kivuli cha moshi, Nafuna, akakizungusha polepole, na macho yake yalikuwa yanatembea juu ya hiyo barabara kama mtu anayetafuta nyumba. Nilisahau niko wapi. Nikaanza kumweleza, karatasi ya sabuni, uji mwekundu, namna tumbo la chungu linapasua karatasi kabla ya vidole kupasua, namna lebo ya kopo ilinifungua akili, na yeye anauliza, na mimi najibu, Kiswahili chake kibovu na changu cha haraka. Nilikuwa na furaha. Nakuambia hii kwa aibu. Kagwe alikuwa ng'ambo ya ukuta na mimi nilikuwa na furaha.

Akasema wamenikubali. Akatoa pasi kwa mkoba akaiweka mezani. Jina langu limepigwa chapa, na Thika, na mwaka mzima.

Afisa akaweka kidole juu yake.

Akasema pasi ni halali na yeye hana neno na vyungu, ni vizuri, mke wake angependa kimoja. Lakini kwanza kuna karatasi ya kutia sahihi. Karatasi yenyewe inasema kwamba mimi Ngendo niliona Kagwe akiongea na Idah kando kabla ya moto, na kwamba alimgeuzia mgongo kwa makusudi ili aende. Nikasema sikuona hivyo. Akasema hajaniuliza niliona nini, ananiuliza kama nataka kwenda Thika. Memsabu akaanza kuongea naye Kiingereza, kwa nguvu, shingo imekuwa nyekundu. Afisa akamjibu kwa upole, na Memsabu akaangalia vyungu. Alipotoka alinishika bega. Alisema samahani, na kwamba darasa linaanza Jumatatu ijayo.

Nikitia sahihi, Kagwe atapelekwa mbali, kwa kambi za wale ambao hawarudi upesi. Nisipotia, bado wanaweza kumpeleka. Afisa alisema hivyo mwenyewe, kwamba sahihi yangu inarahisisha tu. Hilo neno ndilo linanisumbua usiku. Inarahisisha tu. Ningeweza kujidanganya nalo vizuri sana. Na nikija Thika nitakuwa na wewe, na unaweza kumwambia huyo Absalom na Nicanor hapana, tuchukue chumba, na Idah atakuwa na watu wawili wa kumficha badala ya mmoja. Nimeshapanga mpaka rafu ya kuwekea udongo. Unaona ninavyofanya? Naweka sababu moja juu ya nyingine, kipande kidogo kidogo, mpaka inashika.

Na nikikaa, kuna nini? Handaki. Firimbi. Udongo chini ya kitanda usiochomwa tena kamwe, maana sasa hata akija homgadi mwingine Cucu hatakubali na akina mama hawatathubutu. Nina miaka kumi na tisa. Yale mambo niliyoona kwa kile kivuli cha moshi yako kichwani yote, yanagonga. Naogopa yatakauka huko ndani kama udongo, na mimi nitakuwa mama wa vikapu.

Nilimuuliza Cucu. Nilidhani atanipigia kelele, ningefurahi angenipigia kelele. Alisema tu kwamba Kagwe hakugeuka, hata kwa nyuki. Halafu akalala, au alijifanya amelala.

Kesho asubuhi nitaitwa ofisini. Karatasi itakuwa mezani, na kalamu, na pasi upande wa pili, na vyungu vyangu vitatu vimesimama hapo vikiniangalia. Hakuna mtu wa kuniambia. Wewe unanijua tangu tulipokuwa tunaiba kahawa mbichi, unajua nilivyo na haraka, unajua nilivyo mwoga pia. Usinijibu kama mtu wa kanisani, na usinijibu kama dada anayenitaka karibu. Nijibu kama mtu ambaye mikono yake yenyewe ndiyo iko juu ya hiyo meza.

Nafuna, ungekuwa ni wewe umesimama pale, ungefanya nini?

Dada yako,
Ngendo